Kaa Ndani: Wimbo wa Azhar Nassor

Wasikilizaji wapendwa, saa nane imepita kidogo, Jumamosi ya leo, tarehe kumi na tatu Machi, mwaka wa tisini na tisa. Mimi ni Edah. Kama uko kwenye gari, endesha polepole, barabara zinateleza. Kama uko kazini na umeficha redio chini ya kaunta, wala sikulaumu. Mimi mwenyewe wiki nzima nahudumia wazee wa watu kule Germantown, na Jumamosi tu ndiyo napata nafasi ya kuongea bila kukatizwa.

Leo sisomi matangazo ya harusi. Wenye harusi mnisamehe. Leo tunamkumbuka mtu mmoja na wimbo mmoja. Mtu ni Azhar Nassor, wa Adelphi, Maryland. Wimbo wake unaitwa "Kaa Ndani". Azhar alifariki tarehe kumi na mbili Machi mwaka jana, akiwa na miaka ishirini. Jana ilitimia mwaka mmoja.

Na kabla sijaenda mbali, nina kosa la kukiri. Siku ya tatu ya msiba, Jumamosi, niliupiga wimbo huo hapa hapa, kwenye kipindi hiki. Nilidhani namuenzi kijana wetu. Nilitoa rambirambi, nikabonyeza, nikakaa nikifuta machozi, na nikajiona nimefanya jambo jema. Saa ile ile, kwenye ukumbi mdogo pale chini ya fleti za Adelphi, wazee walikuwa wameketi mikekani wakimsomea marehemu hitma. Jikoni kwa akina mama kulikuwa na redio, kwa sababu Jumamosi watu wa pwani wote hunisikiliza. Basi katikati ya Kurani, kwenye mlango wa jikoni, ikatoka sauti ya marehemu mwenyewe inapiga ukelele.

Fikirieni hilo kidogo. Mimi nimelifikiria mwaka mzima.

Saa tisa na nusu simu ya hapa kituoni ililia. Alikuwa Mzee Nassor, baba yake Azhar. Nilitegemea atanitukana, na ningestahili. Hakunitukana. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kimombasa chake, "Bi Edah, mwanangu nimemzika jana. Kila mkiupiga wimbo ule, yeye yuwaandikiwa. Nakuomba usimuongezee mzigo."

Mimi ni Mkristo wa Bungoma, jambo hilo sikulijua. Nilielezwa baadaye. Mzee Nassor anaamini kuwa mtu akiacha jambo jema duniani, kama kisima au elimu, thawabu zinamfuata kaburini. Akiacha jambo baya, nalo linamfuata, kila linapotumiwa. Na kwake yeye muziki ule ulikuwa jambo baya. Sikubishana naye. Ningebishana vipi na mzazi aliyetoka kumfukia mwanawe jana? Nilimwahidi kuwa sitaupiga tena. Kwa mwaka mmoja sijaupiga.

Sasa turudi nyuma, wasikilizaji, maana wengine wenu hamumjui Azhar.

Azhar Nassor alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, mwaka wa sabini na saba. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Nassor na Bi Rahma. Walikuja hapa mwaka wa themanini na tano, Azhar akiwa na miaka saba. Wakapanga Adelphi, karibu na University Boulevard, ghorofa ya pili. Mzee alipata kazi kwenye dobi la hoteli mjini, kufua mashuka. Bi Rahma alikuwa akipunguza suruali za watu kwenye duka la drai klina. Wote wawili walitoka alfajiri.

Na Azhar alikuwa mgonjwa. Nyumbani walikuwa wameambiwa ni baridi ya mifupa. Huku madaktari wakasema ni selimundu. Ni ugonjwa wa damu. Chembe zinapinda, zinakwama kwenye mishipa, na mtu anasikia mifupa inavunjwa akiwa amelala tu kitandani. Baridi huuchochea. Na ninyi mnaijua baridi ya huku.

Basi mtoto mgonjwa, wazazi kazini, na hakuna shangazi wala nyanya wa kumwangalia. Mlifanya nini ninyi? Nanyi pia mlifanya hivyo hivyo, msijifanye. Mlimpa ufunguo, mkamwambia afunge mlango kwa ndani. Mzee Nassor kila asubuhi alimwambia mwanawe maneno manne. Kaa ndani. Usifungue. Narudi. Halafu alikuwa anamgusa kichwani na kutoka.

Januari ya themanini na saba theluji ilianguka sana. Shule zikafungwa. Hoteli haikufungwa. Mzee akamwambia mwanawe, kaa ndani, usifungue. Azhar alikuwa na miaka tisa. Kabla ya saa sita mchana maumivu yakamshika.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mama mmoja wa Bukavu, jina lake Anysie, sisi tunamwita Mama Elsa. Alisikia mtoto analia. Nilikwenda kumwona wiki iliyopita, akanisimulia kwa Kiswahili chake cha Kongo, nami niliandika kwenye daftari kama alivyosema.

"Nilipiga ku mulango," alisema. "Nikamuambia, fungula mutoto, ni miye Mama Elsa. Akaniambia, papa alikataza. Alikuwa analia, analia, lakini hakufungula. Na miye sikukuwa na makaratasi. Nikaogopa kuita polisi. Wakikuya wakute mutoto peke yake, watamubeba."

Mnaona hofu yetu ilivyo, wasikilizaji? Mtu ana simu nyumbani na anaogopa kuitumia. Mama Elsa aliogopa kufukuzwa nchini, na aliogopa mtoto achukuliwe na serikali, apelekwe kwa watu wasiomjua. Kwa hiyo akafanya alichoweza. Aliketi chini kwenye korido, mgongo kwenye mlango, akawa anamwimbia nyimbo za kanisani. Azhar akapiga ukelele upande wa pili, yeye akaimba upande huu. Saa tatu nzima. Mpaka Bi Rahma alipofika, ametembea kwa miguu kwenye theluji kwa sababu mabasi yalikwama.

Mtoto akapelekwa hospitali, akapata nafuu. Jioni baba yake alifika. Alipoambiwa kuwa mtoto hakumfungulia mtu hata kwa maumivu yale, alimkumbatia. Alimwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Nawaomba mkae na neno hilo. Baba alimsifu.

Azhar akakua. Mpole, mwembamba, macho ya njano kidogo. Akaanza kusikiliza muziki ule wanaouita granji. Kwa wazee wenzangu ambao hamuujui, ni muziki wa magitaa yenye mkwaruzo, mwimbaji ananong'ona halafu anapasuka. Ulitoka Washington ile nyingine, ya kule magharibi, siyo Washington yetu hii ya mawaziri na mikutano. Vijana wanauimba wakiwa wamevaa mashati ya miraba yaliyochakaa, na mama zao wamewanunulia mazima. Mimi mwanzoni nilidhani redio imeharibika.

Gitaa lake alilinunua kwenye duka la mitumba. Hakulipeleka kwao. Alilificha chini ya kitanda cha Mama Elsa, na Mama Elsa akafunga mdomo. Elsa, binti yake, akajifunza ngoma. Kijana mmoja wa Kimarekani akashika gitaa la besi, na wazazi wake kule Columbia wakawapa chumba cha chini cha nyumba yao. Watu watatu tu. Mzee Nassor alijua? Alijua. Baba anajua harufu ya mwanawe akirudi. Alichagua kunyamaza, na alichagua kutosikiliza.

Mwaka wa tisini na sita wakarekodi wimbo mmoja. "Kaa Ndani". Mashairi yake ni ya Kiingereza, lakini kiitikio ni cha Kiswahili. Kaa ndani, usifungue. Kaa ndani, usifungue. Kisha ukelele mmoja mrefu. Walitoa kaseti mia mbili, na jalada walikunja kwa mikono yao.

Redio ya wanafunzi pale chuo kikuu ikaupiga. Ikaupiga tena. Majira ya joto yale yote wasikilizaji wao waliuomba kuliko wimbo mwingine wowote. Gazeti moja la bure la mjini, lile la kuchukua kwenye vituo vya treni, likaandika kuwa watu walikuwa wameshauzika muziki wa granji, na sasa mvulana wa Adelphi ameufukua kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa. Elsa aliniambia kuwa kwenye ukumbi mmoja mjini watoto mia tano wa Kizungu, wa Kilatino, wa kila aina, walisimama wakaimba Kiswahili kwa sauti moja. Usifungue, usifungue. Hawakujua wanasema nini.

Nilimuuliza Elsa kama Azhar alikuwa na hasira na wazazi wake. Elsa huelewa Kiswahili chote lakini hujibu nusu kwa nusu. "No, Auntie. He loved them. Alikuwa anawaambia tu. But they never listened to the tape." Yaani aliwapenda, ila wao hawakuwahi kuisikiliza ile kaseti.

Machi mwaka jana, siku ya Jumanne, Azhar alirudi kutoka kwenye mazoezi ya muziki, kifua kinambana. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Jumatano Bi Rahma aligonga. Bi Rahma mwenyewe ameniambia jibu alilopata, kwamba yuko sawa. "I'm fine, Mama." Akagonga jioni. "I'm fine, Mama." Alhamisi asubuhi aligonga, na hakujibiwa. Mzee Nassor akauvunja mlango kwa bega. Ambulensi ilikuja upesi, hospitali walijitahidi, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni. Azhar alifariki saa sita mchana. Ijumaa akazikwa.

Jumamosi nikaupiga wimbo. Hilo nimeshawaambia.

Baada ya simu ile Mzee Nassor alianza kazi aliyoijua yeye mwenyewe. Alimwomba Elsa majina ya watu wenye kaseti. Kila Jumapili alitoka na gari lake la zamani, akaenda Columbia, akaenda Germantown, akaenda hadi Baltimore. Anabisha hodi kwenye nyumba za watu asiowajua. Anavua kofia. Anasema kwa Kiingereza chake cha dobini kuwa yeye ni baba wa Azhar, na anaomba kaseti ya mwanawe. Na watu walimpa. Mama wa Kimarekani anasimama mlangoni, anasikia baba wa marehemu ndiye huyu, anapanda ngazi mbio kuitafuta chumbani kwa mwanawe. Wengine walilia. Wengine walimkaribisha chai, akakataa kwa adabu.

Na hizo kaseti hakuzitupa. Nyumbani alikuwa na redio ya milango miwili ya kaseti. Upande mmoja aliweka Surat Yasini, upande wa pili kaseti ya Azhar, akarekodi Yasini juu ya ule wimbo. Sauti yenyewe aliifunga asiisikie. Aliona kwa njia hiyo kaseti ile ile iliyokuwa ikimletea mwanawe mzigo itamletea thawabu. Kwenye karatasi aliandika jina la kila mtu aliyempa, ili awaombee dua. Mimi niliposikia hayo, sikujua nicheke au nilie. Nililia.

Mwezi wa kumi alifika Germantown, nyumba moja kati ya zile mpya zilizobanana. Akafungua msichana wa miaka kumi na tisa hivi. Akampa kaseti. Kisha akakunja mkono wa sweta lake. Kwenye mkono, toka kiwiko hadi kifundo, alikuwa amechorwa tatuu ya maneno. Kaa ndani, usifungue. "Hii siwezi kukupa, bwana," alimwambia.

Mzee Nassor amenieleza kuwa alisimama pale akiyasoma maneno yale kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe mikononi mwa mgeni. Akamuuliza msichana kama anajua maana yake. Msichana akasema anajua, alimuuliza Elsa. Akasema aliwahi kukaa chumbani kwake mwaka mzima, hatoki, hasemi na mtu, na kila aliyegonga alimwambia yuko sawa. Akasema siku alipousikia wimbo ule ndiyo siku ya kwanza kujua kuwa kuna mtu mwingine aliyekuwa nyuma ya mlango kama wake. Wiki hiyo hiyo akamfungulia mama yake.

Mzee alirudi kwenye gari. Hakuondoka. Alichukua kaseti ile, akaitia kwenye redio ya gari, na kwa mara ya kwanza akausikiliza wimbo wa mwanawe, mwanzo hadi mwisho.

Na mwisho wa wimbo huo, wasikilizaji, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baada ya ukelele, magitaa yote yananyamaza. Inabaki sauti ya Azhar peke yake, inanong'ona. Vijana wa Kimarekani walidhani ni dua ya Kiislamu. Si dua. Azhar ananong'ona, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Mzee Nassor aliketi kwenye gari lile mpaka jua likazama na msichana akatoka kumuuliza kama anahitaji msaada.

Tangu siku hiyo hakukusanya kaseti nyingine. Baada ya miezi michache akaanza kuzirudisha, kwa kufuata majina yale yale. Tisa alikuwa ameshazirekodia Yasini, na hizo alizirudisha hivyo hivyo na kuomba radhi. Kijana mmoja wa Columbia alimwambia hataifuta, anaisikiliza ile sauti ya msomaji akienda kazini. Lakini hayo yote hayajamrudishia mtu mwanawe. Nilipokwenda kwao wiki iliyopita kuomba ruhusa ya kipindi hiki, nilimkuta mzee amekonda, shati limemzidi.

Nilimwambia nataka kumkumbuka Azhar bila kuupiga wimbo, kama nilivyoahidi. Bi Rahma alikuwa anakunja nguo, naye akaacha kukunja. Kisha mzee akasema maneno haya, nami nayasoma kama nilivyoyaandika.

"Bi Edah, mimi nilidhani ni makelele ya vijana. Kumbe yale maneno ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia asifungue, na mimi ndiye niliyemsifu. Yeye amesema kweli tu. Kama kuna dhambi ya kuandikwa, naiandikwe kwangu. Upige."

Nilimgeukia Bi Rahma. Ni mama, naye ana haki. Bi Rahma hakukubali na hakukataa. Alisema, "Ukelele ule niliusikia tangu ngazini, siku ile ya theluji. Sihitaji kaseti. Nyinyi sikilizeni. Mimi niambie mapema nizime."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, hivi ndivyo tulivyo leo. Baba anataka wimbo usikike. Mama hawezi kuusikia. Wanaishi nyumba moja, wanapendana, na jambo hili hawajalimaliza. Mimi siwezi kuwamalizia.

Kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba yenu, natoa pole kwa Mzee Nassor na Bi Rahma. Pole kwa Mama Elsa, aliyeketi koridoni kwa saa tatu na hadi leo anajiuliza kwa nini hakuinua simu. Pole kwa Elsa, ambaye hajashika ngoma tangu mwaka jana. Mungu amlaze Azhar mahali pema, na dua za Kiislamu zimfikie zote.

Na kwenu wenye watoto. Najua kesho mtawaacha tena. Kodi haisubiri, na bosi haelewi. Siwahukumu, mimi wangu nilimwacha hivyo hivyo akiwa na miaka minane. Ila tafakari nani mwanao anaruhusiwa kumfungulia. Mpe jina la mtu mmoja. Mwambie kuumwa si kosa, na kulia si utovu wa adabu. Na mtoto mkubwa akikujibu kwa Kiingereza kutoka nyuma ya mlango kwamba yuko sawa, usirudi jikoni. Simama pale pale, gonga tena.

Mzee Nassor yuko nami hapa studio. Amekuja tangu saa saba, amevaa kanzu na koti. Hakutaka kuongea redioni. Amesema anataka kukaa tu wakati wimbo unapigwa, na kwamba niwaambie kwanza yale maneno ni ya nani. Nimewaambia.

Bi Rahma, shoga yangu, sasa ndiyo wakati. Zima.

Nilikuwa nataka kubonyeza, lakini mzee ameinua mkono. Anasema tusubiri. Anasema redio yao iko juu ya friji, na Bi Rahma mfupi, lazima kwanza avute kiti.

Basi tunamsubiri, wasikilizaji. Apande, azime, ashuke salama.